Zahanati Ndani ya Lenzi ya Hamsini

Siku ya kununua vifaa Gwantwa alifika Tunduma saa nne asubuhi, akapenya katikati ya malori yaliyopanga foleni ya kuingia Zambia, akaingia duka la kamera za mtumba la Lucky na kukaa humo hadi mchana bila kuamua. Kamera alikuwa nayo tayari, ndogo, ya aina hii mpya isiyo na kioo ndani. Tatizo lake ni kwamba haikuja na mahali pa kuchungulia. Ilikuwa na skrini tu mgongoni, na kwenye jua la milima ya Ileje skrini ile haikumwonyesha kitu zaidi ya pua yake mwenyewe.

Lucky alipanga vitu kaunta. Kulikuwa na kichungulio, kijisanduku cha kupachika juu ya kamera ili jicho liingie. Kulikuwa na lenzi ya hamsini, nyembamba, inayowapendeza maharusi, na lenzi ya kumi na sita, pana, inayomeza nyumba nzima. Pembeni akaweka mkoba mweusi usiopitisha maji. Hela ya Gwantwa ilitosha vitu viwili. Studio yake pale Itumba iliishi kwa picha za paspoti, harusi na misiba, na yeyote anayejua biashara hiyo anajua kwamba misiba hulipa kwa kuchelewa.

"Kumi na sita inawapanua watu mashavu," Lucky alisema. "Bibi harusi atakufuata hadi nyumbani."

"Na hicho kichungulio mbona cha zamani?"

"Kilikuwa cha jamaa mmoja wa miradi, dada. Kapiga nacho majengo ya ripoti miaka kumi na mbili. Kimezoea."

"Kimezoea nini?"

"Ripoti," alisema Lucky, na kuanza kufuta vumbi kwenye chaja.

Gwantwa hakuona ubaya wa kifaa chenye uzoefu. Alichukua kichungulio na lenzi ya hamsini. Mkoba aliuacha, kamera akaizungushia kitenge.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa Hezron, mratibu wa Mradi wa Afya Vilimani, mtu safi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitaka picha ya zahanati ya Isyonga, kijiji alikoolewa Jenista, mdogo wake Gwantwa. Zahanati ile ilikuwa boma tu, kuta zisizo na paa. Wananchi walifyatua matofali wenyewe, wakayachoma kwa kuni zao, wakapandisha kuta hadi kwenye linta, usawa wa juu ya milango, kwa sababu waliahidiwa kwamba wakifika linta mradi utaezeka. Walifika linta, wakasubiri miaka minne. Kisha Hezron akawaeleza kwamba bati hutoka baada ya sahihi, si kabla, na mwenyekiti wao, mzee Ambakisye, akasaini kwamba bati zimepokelewa, ili zije. Kijiji kizima kilimpigia makofi.

Gwantwa alisimama mbele ya boma. Kwa macho matupu aliona nyasi zimeota vyumbani, mbuzi wawili, na anga. Akaweka jicho kwenye kichungulio, akaona bati za kijani, milango, vioo madirishani, na nesi wa sare nyeupe akimpima mtoto uzito. Akatoa jicho: mbuzi. Akalirudisha, na nesi yule, ambaye sasa alikuwa amemwona, akampungia mkono.

Hapa ndipo mtu angetamani kusikia kwamba Gwantwa alisita. Hakusita. Mwanga ulikuwa mzuri, Hezron alikuwa akitazama saa, na mpiga picha akiona kitu kizuri kidole hubonyeza chenyewe. Picha ilitoka safi, hata misumari ya bati ilihesabika.

Zahanati ya Isyonga ikaandikwa kwamba imekamilika mwezi wa saba. Mzee Ambakisye alipokwenda kuulizia bati, alionyeshwa picha yenye bati. Alirudi kijijini akawaeleza wenzake kwamba bati ameziona, ni za kijani, ila zipo kwenye picha.

Gwantwa aliona aibu, aibu ile chungu ya mtu aliyekwisha kulipwa. Akarudi Isyonga, akachomoa kichungulio, akapiga boma kwa skrini peke yake na kupeleka picha kwa Hezron. Mratibu aliziweka picha mbili sambamba mezani, akazitazama kwa muda wa kutosha.

"Hii yenye mbuzi ni ya zamani," alisema.

"Nimeipiga jana, mratibu."

"Dada Gwantwa, zahanati imekamilika mwezi wa saba. Picha yoyote isiyo na bati lazima iwe ya kabla ya mwezi wa saba." Aliisukuma taratibu hadi upande wa meza aliokaa Gwantwa. "Itunze, ni kumbukumbu nzuri."

Jenista alikuwa na mimba ya miezi mitano wakati huo. Hakumlaumu dada yake hata kidogo. Alimpikia ndizi, akamwambia, "Ulipiga ulichokiona, dada." Gwantwa angependelea atukanwe.

Mwezi wa kumi na moja alikwenda Isyonga kupiga picha za kipaimara. Mvua ilianza Jumamosi, na kufika Jumapili asubuhi kijito kilichokata njia kilikuwa kimepanda hadi kwenye shina la mti wa kivukoni. Ibada haijaisha, Jenista akashikwa na uchungu. Gari la wagonjwa lilikuja hadi ng'ambo ya maji, likapiga honi mara mbili, likageuza. Hakuna aliyemlaumu dereva, maji yalionekana.

Lwitiko, mume wa Jenista, aliyekwisha kusimuliwa habari za nesi wa kwenye kichungulio, alimkuta Gwantwa mlangoni mwa kanisa.

"Shemeji, kamera ina chaji?"

"Ina."

"Basi twende."

Walimbeba Jenista hadi kwenye boma, wakamlaza juu ya nyasi zenye maji, kwenye chumba ambacho mchoro ulikiita cha kujifungulia. Gwantwa alirudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ukuta. Akaweka jicho kwenye kichungulio. Mvua ikaacha kuwanyeshea na kuanza kupiga kelele juu ya bati. Chini ya Jenista kulikuwa na kitanda chenye shuka, na kando yake alisimama nesi yule wa siku ile, akivaa glavu.

"Naitwa Dina," nesi alisema. "Niliajiriwa hapa mwezi wa saba. Dada mwenye kamera, usitoe jicho."

Gwantwa hakutoa. Lwitiko alimfunika yeye na kamera kwa turubai, maana nje ya fremu mvua ilikuwa ile ile, naye Gwantwa akaujutia mkoba alioukataa. Lakini mkoba haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa lenzi. Chumba kilikuwa kidogo na lenzi ya hamsini ni ya uso wa bibi harusi: ilichukua kitanda, ikamchukua Dina, na upande wa kulia ikaishia kwenye ukingo wa kabati jeupe, upana wa kidole kimoja.

Saa nane mchana mtoto alizaliwa, wa kike, akalia kwa hasira. Dina alimkabidhi kwa Lwitiko, naye akamtoa nje ya fremu ndani ya koti lake. Mtoto alikuwa wa kweli, alibaki vile vile. Kisha damu ikaanza na haikuacha.

Dina alilikandamiza tumbo la Jenista kwa mikono miwili. "Nahitaji sindano ya kuzuia damu," alisema, sauti yake haikupanda. "Ipo kabatini, rafu ya juu."

Gwantwa aligeuza kamera kidogo kulia. Kabati likaingia lote, na chupa zake zimepangwa vizuri. Lakini kitanda kilitoka, na Dina akatoka nacho, na Jenista akaanguka kwenye matope huku hakuna mkono wowote tumboni mwake. Gwantwa alirudisha kamera haraka. Dina alirejea akiwa ameshakandamiza.

"Usirudie tena," alisema. "Nikiondoka mimi, anakwisha. Rudi nyuma, dada. Hatua mbili zinatosha."

"Nyuma ni ukuta."

Ulikuwa ukuta kweli. Kati ya vyote vilivyokuwa pale, ni ukuta peke yake uliokuwepo hata bila kichungulio. Mzee Ambakisye, aliyekuwa akisubiri mlangoni, aliagiza majembe na nyundo. Wanaume waliojenga walizunguka upande wa nje na kuanza kubomoa, kila mmoja akijua tofali alilolipanga. Walikuwa wamejenga vizuri. Walichanganya saruji bila kuiba hata kiganja, kwa kuwa ilikuwa zahanati yao, na sasa kila pigo la nyundo liliwarudia mikononi. Gwantwa alisikia ukuta ukitikisika mgongoni. Kwenye kichungulio Jenista alimtazama moja kwa moja, kama watu wanavyotazama kamera wanapoambiwa wasicheke.

"Dada," alisema, "nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri, mdogo wangu."

Ukuta ulianguka. Gwantwa alirudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, akipita juu ya vifusi bila kutoa jicho. Kabati likaingia lote kwenye fremu. Dina alinyoosha mkono, akachukua chupa, akaivuta dawa kwenye sindano, akamchoma. Alifanya kila kitu sawasawa. Kisha akashika mkono wa Jenista, akautafuta mshipa hapa na pale, na baada ya kitambo akauweka mkono ule juu ya shuka.

"Wakati umepita," Dina alisema. "Samahani sana. Unaweza kupumzisha jicho."

Gwantwa aliendelea kutazama hadi betri ilipoisha yenyewe, kwa kuwa ndani ya fremu angalau mdogo wake alikuwa kitandani, amefunikwa. Betri ilipozima, mvua iliwashukia wote.

Walimzika Jumanne. Hezron alituma rambirambi, na wiki iliyofuata barua. Mradi, barua ilisema, ulisikitishwa na uharibifu wa ukuta wa zahanati iliyokamilika, na wananchi walitakiwa kuurudishia kwa nguvu zao ndani ya siku thelathini. Mzee Ambakisye aliisoma mkutanoni. Walijadili kuhusu matofali, wakagawana zamu, wakaujenga. Waliujenga imara kama mwanzo, hawakujua kujenga vingine.

Dina alianza kupokea wagonjwa kila Jumatano, siku ambayo Gwantwa alipanda kutoka Itumba na betri nne. Kina mama walipanga foleni. Watoto walipimwa uzito, ilimradi mzani usogezwe katikati ya fremu. Lakini ukuta ulikuwa umesharudi, zile hatua mbili hazikuwepo tena, na kulikuwa na wajawazito watano kijijini. Kikao kikaamua kwamba mchango walioanza kukusanya ili wanunue bati wenyewe uhamishiwe kwenye lenzi.

Kwa hiyo Gwantwa alipenya tena katikati ya malori ya Tunduma, safari hii akiwa na mtoto wa Jenista mgongoni. Mtoto aliitwa Lusungu. Lucky alimpa stuli, akamletea kwanza kichungulio kipya, ambacho hakikuwahi kutumika.

"Achana na kile kizee, dada. Hiki kinaonyesha kitu kama kilivyo."

Gwantwa alikipachika, akachungulia nje. Aliona malori, matope, mama mmoja akiuza karanga, kila kimoja mahali pake. Akakichomoa, akakirudisha kaunta.

"Hiki hakitatusaidia," alisema. "Nipe ile lenzi ya kumi na sita."

Lucky aliitoa, akaifuta kwa shati lake. "Ya harusi?"

"Ya chumba. Mita tatu kwa tatu, nikisimama ukutani. Inachukua na kabati?"

"Na kabati, na mlango, na kila atakayekuwemo."

"Bila kurudi nyuma?"

"Hata hatua moja, dada."

Mgongoni Lusungu alianza kulia, naye Gwantwa akamtikisa taratibu, macho yakiwa kwenye ile lenzi, mpaka alipolala. Kisha akasema afungiwe, pamoja na mkoba.