Ukuta ya Kitambaa

Uligeuza macho. Usiniambie hapana, nilikuona hapa Butembo, mbele ya duka yako, siku redio ilisema gari ya Moustapha imechomwa kwa barabara ya Eringeti. Ulipunguza sauti ya redio, ukaendelea kukunja bitenge. Leo utasoma yote.

Mimi sisahau kitu. Bageni ba muji moja ya Ujerumani balifikaka kwetu, bakasema muji yabo na commune yetu ni mapacha. Balituletea ambulance, gari ya bagonjwa, na bendera. Bendera ilikuwa nyekundu na nyeupe, na katikati alama ya muji yabo: ukuta ya mawe, minara mbili, simba amesimama mulangoni. Mukubwa yabo akatufasiria, ukuta ile ni ya kulinda kila mutu mwenye kuishi ndani. Tulipiga makofi. Na wewe ulipiga. Ambulance ilikufa injini mwaka ule ule, na mapacha habakurudi tena. Bendera ikabaki kwa bureau ya commune, hapa Butembo, mpaka Luc, mulinzi ya pale, akaanza kufunika nayo baiskeli yake.

Sasa nikuambie habari ya Masika. Alikuwa Beni wakati simu ilimufikia: mama yake amekufa Eringeti, na Sifa, binti mudogo ya Masika, amebaki kwa majirani. Majirani nabo banafunga mizigo, banakimbia bauaji ba porini. Convoi ya jeshi, yenye kusindikiza magari, haikuwa na siku. Labda juma ijayo, labda hapana. Masika akamwendea Moustapha, dereva ya lori ya Fuso, mwenye alikomaa naye mutaa moja.

"Mama Sifa, bila convoi mimi sipiti," Moustapha akamwambia. "Shingo yangu ni moja."

"Gari za ONG za misaada zinapita."

"Ziko na bendera."

Halafu Moustapha akaanza kucheka, maana alikumbuka baiskeli ya Luc. Unajua namna tunaishi huku: gari ikiwa na kitambaa ya bazungu mbele, barrière ya askari inafunguka. Hatuulizaka ni kitambaa ya nani. Alishuka Butembo, Luc akamwachia bendera, akarudi nayo Beni, akaifunga mbele ya Fuso, Masika akapanda.

Masika mwenyewe alinielezea yenye ilifuata. Kwa barrière, askari alizunguka gari, akainua bendera na ncha ya bunduki.

"Hii ni organisation gani, yenye nyumba ya mawe?"

"Ya Ujerumani, chef."

"Na simba yabo anakulaka nini?"

"Majani ya sombe, kama sisi. Njaa imemufikia naye."

Askari akacheka, akafungua njia. "Leka, papa."

Kupita Oicha, miti ilikuwa imelazwa katikati ya barabara. Batu bakatoka ndani ya pori. Moustapha alishuka mikono juu, akabaonyesha bendera. "Siye ni ba Ujerumani," akabaambia, kwa Swahili yetu hii hii. Hakuna mwenye alitazama ile kitambaa. Balimukata na panga pale pale mbele ya gari. Masika alitambaa ndani ya shamba ya kakao, akaona moshi ya gari, akarudi Beni kwa miguu.

Kule Ujerumani bendera ingine kama ile inapepea, hakuna mwenye kujua habari yetu. Bakubwa ya hapa banajua. Banajua na banakula.

Majirani ba Sifa balishahama. Mutu moja alimuona Sifa akilala kwa baraza ya centre de santé, kituo ya afya ya Eringeti, peke yake. Tangu siku ile simu ya kule inanyamaza.

Masika ameketi chini mbele ya barrière, Beni. Anasema hatatoka mpaka convoi iende kutafuta mutoto wake. Askari banamuruka kama gogo. Sitakudanganya: tulishafunga maduka zamani kwa kugoma, tulipigwa, tukafungua, na batu bakaendelea kuzikwa. Sina tumaini mingi. Lakini mwanamuke moja, banaweza kumuruka. Batu elfu, habataweza.

Basi usinipe pole. Weka kufuli kwa duka yako, hapana kesho, sasa hivi, wakati bado unasoma. Bamba pikipiki ya kwanza yenye kwenda Beni, keti chini kando ya Masika.