Piki ya Pembe Tatu

Sindano ya cherehani ilipompita Ngurumo kwenye kidole cha shahada, aliyepiga yowe hakuwa yeye, alikuwa dada yake. Dada mtu alikuwa amekuja kupima gauni la jukwaani, akaiona sindano imeingilia kwenye ukucha na kutokea upande wa pili, akapaza sauti hadi majirani wakatoka nje. Ngurumo mwenyewe alinyoosha mkono wa kushoto, akazungusha gurudumu la cherehani taratibu mpaka sindano ikapanda, akakifunga kidole kwa kipande cha bitana.

Jeraha lilipona vizuri. Tatizo likabaki nchani mwa kidole, palipokufa ganzi. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba mshipa wa fahamu umekatika, na ganzi ile huenda asiachane nayo maisha. Kwa kushona haikuwa hoja. Vidole vingine vilikwisha jifunza kusaidia. Lakini hilo jina la Ngurumo hakulipata kwa kushona. Alilipata kwa gitaa la besi, alilokuwa akipiga katika bendi ya shemeji yake, mume wa dada huyohuyo mwenye yowe; dada ndiye mwimbaji wao. Alipiga kwa vidole vitupu, cha shahada na cha kati vikipokezana, na watu walikuwa wakisema besi yake huisikii masikioni, unaisikia tumboni.

Siku aliyorudi mazoezini kila mtu alijifanya hajasikia. Kidole kilikuwa kikiukosa uzi, au kikiugusa kwa kuchelewa, kama mtu anayeitikia salamu wakati mwenzake ameshapita. Mpiga ngoma, jamaa mnene waliyemwita Kishindo, alipunguza mwendo ili amsubiri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Katika miaka yote ya bendi ile, Kishindo hakuwahi kumsubiri mtu.

Na wakati ulikuwa mbaya. Mji ulikuwa unafungua ukumbi mpya, bendi yao imechaguliwa kupiga siku ya ufunguzi, na redio ingelirusha onyesho lote moja kwa moja. Shemeji alikuwa mtu wa haya, hakuweza kumkabili, akamtuma mkewe. Dada akaja, akazunguka maneno, akasifia mapazia, mwishoni akasema mumewe amezungumza na mpiga besi mwingine, kwa onyesho hili tu.

Ngurumo alijua "kwa onyesho hili tu" huwa inaishia wapi. Akamwomba dada amfikishie mumewe jambo moja: apewe nafasi kwenye mazoezi ya mwisho. Akishindwa, spika ya huyo mgeni ataibeba yeye mwenyewe hadi jukwaani.

Wazo lilitoka kwa mume wa Ngurumo mwenyewe, fundi rangi asiyejua hata uzi upi ni upi. Alimuuliza tu, wakiwa wanakunywa chai, kwa nini asishike kitu cha kupigia kama afanyavyo shemeji. Ngurumo akacheka. Shemeji alipiga gitaa la solo, na kwa solo piki ni sawa, kile kipande kidogo cha plastiki kinakwaruza nyuzi nyembamba na kuzifanya zilie. Kupiga besi kwa piki, kwa jinsi alivyolelewa kimuziki, kulikuwa sawa na kuosha uso kwa brashi. Lakini chai ilipokwisha alikuwa hacheki tena.

Alianza na piki ya shemeji, aliyoletewa na dada kwa siri. Ilikuwa nyembamba kama ukucha. Kwenye uzi mnene ilijikunja, ikatoa sauti ya mtu anayefungua peremende kanisani. Mama mkwe wake akasikia kwamba mkaza mwana anatafuta piki nzuri zaidi, akadhani ni pikipiki, akamwita mwanawe pembeni amwonye mkewe asije akavunja na miguu. Mume alicheka mpaka akaegemea ukuta wenye rangi mbichi.

Kesho yake Ngurumo akaenda kwenye duka la vyombo vya muziki. Mwenye duka, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimshushia besi kutoka ukutani, akachomeka waya, akamwekea bakuli lililojaa piki za kila aina. Akasema achague bila haraka, mchana ule wateja wenyewe hawaonekani.

Alijaribu ya kawaida, ikawa nyepesi. Akajaribu ya sufu iliyoshindiliwa, kitambaa anachokijua kwa kutia ugumu kwenye kola; sauti ikatoka nene na laini kama godoro, akaipenda papo hapo. Kisha akamfikiria Kishindo na ngoma yake ya mguuni, akajua sauti ile itamezwa kabla haijafika safu ya mbele. Akairudisha kwa huzuni. Akachukua ndogo, ngumu, nene kama kifungo cha koti. Hiyo ikamshtua. Kila noti ilisimama wima peke yake. Akacheza nayo wimbo mzima, akiwa ameanza kutabasamu, na kwenye kiitikio mkono ukaendelea kwenda huku piki ikiwa sakafuni.

Akaiokota, ikaanguka tena. Mwenye duka akasema labda ni jasho. Ngurumo alikitazama kidole chake.

"Si jasho," alisema. "Kidole hiki hakina habari. Nikifumba macho sijui kama nimeshika kitu au sijashika."

Akafumba macho kweli, akakisugua kile kipande kwa kidole cha shahada, hakuhisi chochote. Akakisugua kwa kidole cha kati, akahisi kila ukingo. Alipofumbua macho akaanza kupekua bakuli kwa pupa. Hakutaka tena piki ndogo. Alitaka kubwa, ya kutosha vidole viwili upande mmoja na gumba upande wa pili, ili kidole cha kati kihisi kwa niaba ya kile chenye ganzi. Chini kabisa akaipata: ya pembe tatu, pana, nene, ya rangi ya chai iliyokaa. Mwenye duka akakiri zile hazinunuliwi, watu huona zina sura mbaya, kama kipande cha kigae.

Ngurumo akaishika. Haikuteleza wala kujikunja. Akapiga uzi mnene kuliko yote, na miwani ikatetemeka kifuani mwa mwenye duka.

Siku ya mazoezi ya mwisho alimkuta mgeni amekwisha fika, kijana mwenye adabu, besi yake ingali ndani ya mkoba. Shemeji alipoona piki mkononi mwa Ngurumo akasahau haya zake zote.

"Tangu lini besi ikapigwa kwa plastiki?"

"Tangu leo, shemeji."

Wakaanza, na mwanzo haukuwa mzuri. Piki ilikuwa ikigonga nyuzi, tak, tak, kama viatu vya kisigino kwenye korido. Shemeji akainamisha kichwa. Ngurumo hakusimama. Akailaza piki kidogo, isiukabili uzi kwa ncha, akaegemeza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi. Mgongano ukafa. Kilichobaki kilikuwa sauti fupi, ya mviringo, iliyojaa, kila noti ikiingia pale pale mguu wa Kishindo unapotua. Kishindo akainua uso. Akaongeza mwendo, kwa makusudi, kama mtu anayemchokoza rafiki aliyepona. Ngurumo akamfuata. Akaongeza tena. Akamfuata tena, akampita, na wimbo ulipokwisha mnene wa watu alikuwa akihema na kucheka kwa pamoja.

Mgeni akanyanyuka na kuutundika mkoba begani.

"Mzee, mimi hapa umeniitia nini?" alimwuliza shemeji, akamwomba Ngurumo amwonyeshe ile piki kabla hajaondoka.

Ukumbi mpya ulijaa hadi kwenye ngazi. Shemeji, ambaye kuomba radhi kwa maneno kungemchukua mwaka, aliomba kwa njia yake: alibadilisha mpangilio, wimbo wa kwanza uanze na besi peke yake. Taa zikawaka. Ngurumo, ndani ya gauni alilojishonea, akavuta pumzi, akaupiga uzi mnene.

Sauti ilienda mpaka ukuta wa nyuma ikarudi. Alizungusha tuni mara ya kwanza, watu wakanyamaza. Akaizungusha mara ya pili, na kabla Kishindo hajagusa ngoma, kabla gitaa la solo halijalia, safu za mbele zilikuwa zimesimama, kisha za katikati, kisha mama mkwe wake, mkoba wa mkononi ukiwa juu ya kichwa. Dada alipaswa kuanza kuimba. Badala yake aliiacha maikrofoni kwenye stendi yake, akawapa watu mgongo, akaja kucheza mbele ya spika ya besi, huku shemeji akimkonyeza Ngurumo aendelee, aendelee tu, wimbo utasubiri.