Chungu cha Okidi ya Asili

Meneja mpya wa loji yetu ya Karatu, Inosenti, alinipa mpaka Ijumaa niwe nimeitoa okidi ya asili kwenye kitalu nyumba. Nikamwitikia "sawa bosi" huku moyoni nimeshakataa.

Okidi hii ua lake lina mfuko mbele, kama ncha ya kiatu. Ni aina ileile inayoota porini huko Asia, haijachanganywa na kitu. Mwenye loji wa kwanza, marehemu sasa, ndiye aliyenifundisha kuilea. Imebaki moja. Kwa mwaka inatoa ua moja dogo, la kijani lenye madoa ya kahawia. Inosenti alikuwa ameagiza Arusha chotara thelathini, maua makubwa kama sahani, na alitaka nafasi. Ni mazuri, sikatai. Lakini mimi ni mkulima wa Endamarariek, chotara nazijua: panda mbegu yake uone kama kinachoota kitafanana na mama. Hii ya asili ikitupwa, kwetu imekwisha.

Mwaka juzi niliichavusha kwa kijiti cha kiberiti, ikazaa tunda. Nikafanya kama tunavyofanya na mahindi ya mbegu: nikalitundika jikoni juu ya moshi, wadudu wasilile. Kumbe mbegu za okidi ni vumbi tupu. Tunda likapasuka, zikaishia kwenye sufuria ya makande. Mume wangu Vedasto akala, akasifia. Nilicheka, kisha nikalia kweli.

Mwaka jana niliichavusha tena, na safari hii tunda sikulipeleka popote. Lilipoanza kuwa njano nililipasua palepale, nikanyunyiza mbegu kwenye chungu cha mama yake. Miezi kumi nikatazama maganda ya miti ninayoioteshea humo chunguni, na maji, basi. Watunza bustani wenzangu waliniona nimechanganyikiwa.

Ijumaa Inosenti akaja na toroli.

"Mama Selestina, bado tu?"

"Chuchumaa, bosi."

"Nina kikao mimi."

"Chuchumaa."

Akachuchumaa na suruali yake ya pasi. Nikamwonyesha shinani mwa okidi vidoa vitatu vya kijani, vidogo kuliko punje za ulezi. Kimoja kilikuwa kimetoa jani wiki hiyo.

"Huo si ukungu tu?"

"Ukungu una jani? Ukiitupa hii, na mimi natoka leo hii hii." Sikuwa natania.

Akainama zaidi, akaviangalia kwa karibu.

"Haya, vitachanua lini?"

"Miaka sita. Labda saba."

Akacheka. "Mama, miaka sita mimi sitakuwepo hapa."

"Najua," nikamwambia. "Nitakuwepo mimi."

Akasimama, akajipangusa magoti, akalisukuma toroli lake nje likiwa tupu.