Usingizi wa Shangazi Wapata Wateja

Nyumbani walimwita Mkurugenzi, kwa kejeli zaidi kuliko heshima. Alikuwa amefungua tovuti ya kuwauzia watalii matembezi: kupanda mlima, kuendesha baiskeli msituni, kuogelea mtoni. Ofisi yake ilikuwa kona ya sebule ya shangazi yake, na shangazi alikwisha kutamka: mwezi ukiisha bila mteja hata mmoja, kompyuta iondoke, cherehani irudi mahali pake.

Wateja wakapatikana. Balaa ni kile walichonunua.

Wakati wa kuijaribu tovuti, Mkurugenzi alihitaji picha yoyote ile, akampiga shangazi picha akiwa amejilaza kitini, mdomo wazi. Chini yake akaandika: "Usingizi wa Shangazi wa Mchana. Nafasi nne." Kisha akasahau kuliondoa tangazo. Sasa watu wanne walikuwa mlangoni, makofia makubwa vichwani, darubini shingoni, wakiulizana kwa kunong'ona kama shangazi ameshalala.

Mkurugenzi akakimbilia jikoni kubembeleza. Shangazi, akimenya viazi, akauliza kama hao watu kwao hawana mashangazi. Akajibiwa wanao, ila pengine hawalali vizuri. Hapo akaingiwa na huruma, akanawa mikono.

Alijilaza kitini, wageni wakajipanga mkekani. Usingizi ukagoma. Siku zote humchukua hata hajakaa sawasawa, lakini leo aligeuka huku, akageukia kule, akafumbua jicho moja na kukutana na darubini. Mgeni mwenye masharubu akatikisa kichwa. Mkurugenzi jasho likamtoka. Hawa wakiondoka bila kuona hata koromo moja, nani tena atakuja?

"Shangazi, jitahidi basi," akamnong'oneza.

"Nijitahidi vipi, mwanangu? Usingizi ni mbuzi, niuvute kwa kamba?"

Akainuka, akakaa wima. Wageni hawaachwi kimya, kwa hiyo akaanza kuwasimulia goti lake la kushoto: lilivyoanza, daktari wa kwanza alivyosema, wa pili alivyombishia wa kwanza. Alipofika kwenye mafuta ya kuchulia, mwenye masharubu alikuwa amemwegemea mkewe begani. Alipohamia goti la kulia, wote wanne walikuwa wakikoroma.

Mkurugenzi alitaka kuwaamsha awaombe radhi. Shangazi akamkamata mkono, akamtuma akalete shuka.

Walipozinduka, sebule ilikuwa imeanza kuingia giza. Mwenye masharubu alijipangusa mate, akasema tangu aoe hajawahi kulala namna ile, na mkewe akaitikia kwamba ni kweli, anamjua. Wakauliza kama kesho kuna nafasi.

Mkurugenzi alifungua mdomo kusema zipo tele, lakini shangazi alishamwahi.

"Kesho hakuna," alisema, akijinyoosha kitini. "Kesho nalala mwenyewe. Waandikie keshokutwa, na waje mapema. Hili goti la kulia hata sijalianza vizuri."