Mukwe wa Bwana Juu-kwa-Juu

Barabara ilikuwepo, tena nzuri, watu waliichimba wenyewe kwa jasho lao na fimbo mgongoni. Ilizunguka milima ya nyuma ya kijiji cha Wamaza polepole, ukiwa na mzigo wala huhemi. Sasa niambieni, mtu mwenye akili zake anaiacha ya nini? Lakini yule kijana Mbelgiji, ajenti wa pamba aliyetoka Kasongo, hakuitaka. Likizo yake ya kiangazi alitaka kuimalizia juu, kilele cha kwanza mpaka cha saba, kwa mstari ulionyooka, mahali ambapo hata mbuzi hajawahi kufungua njia.

"Unaenda kutafuta nini kule, Bwana?" walimwuliza.

"Sitafuti kitu. Ninatembea tu."

Loo! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jua halijatua, jina alikuwa amekwisha kupewa: Bwana Juu-kwa-Juu.

Aliyeshindwa kucheka ni Gérard, mwindaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza safari. Kati ya kilele cha tano na cha sita kuna bonde lenye maji, na katika bonde hilo mama wa mke wake, Mama Léocadie, alikuwa amelima karanga kwa siri. Huyu mama kwenye vitabu vya serikali alikuwa mgonjwa wa goti. Miaka miwili mizima, kila ajenti alipokuja kupima mashamba ya pamba ya lazima, alijikokota na fimbo akilia "aii, aii" mpaka wakamwacha. Je, wakiliona lile shamba pana, lililopaliliwa likang'aa? Watauliza ni goti gani hilo. Karanga zingeng'olewa, pamba ingepandwa, na mama angepelekwa gerezani Kasongo.

Kama hiyo haitoshi, Emilienne, mke wa Gérard, alikuwa amerudi kwa mama yake, upande wa pili wa milima, mwezi mzima, kisa paja la swala ambalo Gérard aliwagawia marafiki kabla halijafika jikoni. Gérard alikuwa amepanga kwenda kumwomba radhi wiki ile ile. Asubuhi ya safari Kassimu, mmoja wa wapagazi, alimvuta pembeni. Ujumbe wa Mama Léocadie ulipitia kwake kwa sababu kwao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Mkikutana njiani, wewe unaingia porini na kufunika uso mpaka apite.

"Mukwe wako anasema hivi," Kassimu alisema, akijitahidi asicheke. "Ule muzungu akiona karanga zake, Emilienne umusahau."

Gérard alimpenda Emilienne, na nyumba bila yeye ilikuwa baridi, sufuria zimelala kifudifudi. Aliapa moyoni kwamba yule mzungu hataona hata jani.

Wakapanda. Majani yaliwafika kidevuni, mawe yaliwaka chini ya nyayo, na upupu uliwakuta kwenye kilele cha kwanza wakajikuna wote, bwana na wapagazi, bila tofauti. Heri, mpagazi mwingine, alibeba kiti cha kukunja ambacho bwana mwenyewe hakukikalia hata mara moja, maana kila walipofika juu alisimama, akapanua mikono na kupiga kelele za furaha. Halafu anateremka, anaanza kupanda kingine. Gérard alimtazama na kumwonea huruma; pengine kwao hakuna watu wa kumshika asihangaike hivi.

Juu ya kilele cha pili bwana alifungua mikebe ya samaki, akawagawia kwa mkono wake mwenyewe. Uso ulikuwa mwekundu, macho yamejaa machozi ya upepo.

"Mlimani hakuna bwana," alisema. "Hapa sisi wote ndugu."

"Ndugu gani," Heri alinong'ona, "abebe basi kiti chake."

Gérard hakucheka. Lile neno la bwana, "ndugu", alilimeza pamoja na samaki, akaliweka.

Walipoanza kuteremka kilele cha tano, kesho yake mchana, Gérard alisimama. "Bwana, hapa tuzunguke kushoto."

Bwana Juu-kwa-Juu alitoa dira yake. "Hapana. Mstari unasema mbele."

"Mbele iko mukwe wangu. Mama wa bibi yangu anapita kule kutafuta kuni. Mimi siwezi kukutana naye, ni haya kubwa."

Mzungu akafurahi ajabu! Alikaa chini, akatoa daftari, akauliza kila kitu: anafunika uso na nini, anageukia wapi, akitazama kinatokea nini. Gérard alieleza yote, na wapagazi wakaitikia kama kanisani. Halafu mzungu alifunga daftari.

"Basi wewe zunguka. Mimi si mukwe wake, nitapita mbele."

Gérard akamzibia njia. "Lakini Bwana, jana ulisema sisi ni ndugu. Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema."

"Mama mukwe wa ndugu yangu ni mukwe wangu. Kwetu iko vile. Ama yale maneno yalikuwa ya samaki tu?"

Kassimu aligeuka kutazama mawingu ambayo hayakuwepo. Mzungu aliwatazama mmoja mmoja, kisha akacheka, akampiga Gérard begani. "Sawa. Tutazunguka, ndugu yangu."

Gérard nusura aruke. Alikwisha kuisikia harufu ya ugali wa Emilienne. Wakaanza kukata kushoto, chini kidogo ya kilele, yeye mbele anaimba. Na hapo ndipo majani yalipofunguka.

Mama Léocadie mwenyewe! Alikuwa amesikia sauti, akapanda kuhakikisha kama mkwe wake ametii. Bila fimbo, bila "aii", kikapu cha karanga mbichi kichwani, anapanda mlima kama msichana.

"Mukwe!" wapagazi wakapiga kelele wote pamoja.

Na yule mzungu, jamani, mtu wa neno lake! Alivua kofia yake ya jua, akaifunika usoni kabisa, akageuka kukimbia. Ila aliyefunika macho hajui kulia wala kushoto. Alikimbilia kulia, bondeni, akajikwaa kwenye jiwe, akabingirika na mfuko, dira na daftari, mpaka akatua katikati ya shamba la karanga. Akalala kifudifudi, suruali imepasuka nyuma, kofia bado usoni.

"Amepita?" alilia kutoka kule chini.

"Bado, Bwana! Usitazame!" Gérard alipiga kelele. "Mama, ondoka! Ingia kwenye majani, upesi, na kikapu chako! Ondoka nimekuambia!"

Mama Léocadie alimtazama tu, na Gérard naye alikuwa anamtazama, jicho kwa jicho. Ndipo Gérard alipogundua kwamba mwiko ameuvunja yeye. Mama akatoweka kwenye majani na Gérard akabaki pale amesimama, mikono inaning'inia.

Heri na Kassimu waliteremka, wakamshika mzungu mkono huku na huku, wakamvusha shamba zima akiwa amefunikwa.

"Ninakanyaga nini?" aliuliza.

"Majani tu, Bwana. Majani ya mulima."

Juu ya kilele cha sita alivua viatu ili akung'ute mchanga. Ndani ya soksi zikatoka karanga nne, changa, na udongo wake. Mzungu alizitazama, akatazama bondeni, akamtazama Gérard. Mkono ukaenda taratibu kwenye daftari.

"Andika, Bwana," Gérard alisema kwa upole. Alikuwa amechoka kuogopa. "Lakini andika yote. Andika namna ulikimbia mwanamke mwenye kikapu, namna ulilala na kofia usoni, na suruali. Bwana mkubwa wa Kasongo akituita, sisi wote tutasema vile vile, hatutapunguza kitu."

Mzungu akawa mwekundu mpaka masikioni. Alishika tundu la suruali. Halafu akamenya karanga moja, akaitafuna, akarudisha daftari mfukoni. Kilele cha saba alikipanda bila kupiga kelele.

Waliporudi Wamaza, Gérard alikuta Kassimu, aliyepitia kwa mama mkwe, amemtangulia na ujumbe.

"Mukwe wako anashukuru. Karanga ziko salama."

"Na Emilienne?"

Kassimu alikohoa. "Anasema ule mweupe ni mukwe wa kweli, alifunika macho mpaka mwisho. Wewe ulimutazama usoni, tena ulimufukuza kwa mudomo wako. Lete mbuzi wa kuosha macho, ndipo utamuona bibi yako. Emilienne mwenyewe alicheka mpaka akalia. Alisema uharakishe."

Habari ilikuwa imekwisha kuenea. Kando ya barabara ya kwenda kwa mama mkwe, mpaka mlango wa mwisho wa mwisho, watu walikuwa wametoa viti nje wakimsubiri apite wamcheke.

Gérard alifunga kamba shingoni mwa mbuzi wake, akaitazama barabara nzuri ile, akaitazama milima. Akaingia kwenye majani. Kilele cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila njia, mbuzi analalamika nyuma yake, akaenda kumchukua mke wake juu kwa juu.