Ndondocha Ana Kwao

Magreth alikuwa akitafsiri filamu katika banda la video la kaka yake, Elisha, kule Mtawanya, na watu walisema ni sauti yake iliyojaza mabenchi, si filamu zenyewe. Baba yao alikuja Mtwara kutoka Tukuyu kufanya kazi bandarini, akazalia hapa, na watoto wake wakakua na Kiswahili cha hapa. Magreth alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya skrini, kipaza sauti mkononi, akawasemea Wakorea na Wamarekani kama vile amelelewa nao. Alichoelewa alikitafsiri. Asichoelewa alikitunga.

Siku hizo vijana hawakutaka kitu ila mazombi. Magreth aliwaita ndondocha, maana huku kusini neno hilo halihitaji maelezo: ni mtu aliyeliliwa na ndugu zake na matanga yakaanuliwa, kumbe hakufa, amechukuliwa kichawi akalime shamba la mtu, hasemi wala hajui jina lake. Ndondocha wa kwenye filamu hawakulima, waling'ata tu, lakini jina liliwakaa vizuri. Kilichowachekesha watu zaidi ni kwamba Magreth aliwapa na kwao. "Huyu mnene wa Chikongola, duka kamwachia nani?" Banda zima linaangua kicheko.

Siku moja alitokea ndondocha kijana, mrefu, shati la buluu limechanika begani. Magreth akamwita jina lililomjia mdomoni: "Bernardino wa Kitaya! Rudi nyumbani, mama yako anakuita!" Kitaya ni kijiji cha mtoni Ruvuma, na watu wengi huko wana majina ya Kimsumbiji, kwa hiyo lilisikika kama la kweli. Papo hapo shujaa wa filamu akampasua yule kijana kichwa kwa jembe. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja wao alirekodi kwa simu, kipande kikaanza kuzunguka.

Kilizunguka hadi Kitaya.

Mchana mmoja, Magreth akifagia maganda ya karanga chini ya mabenchi, waliingia wanawake wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima, amejifunga kanga mbili na viatu kavishika mkononi kwa sababu ya matope. Mwingine alikuwa binti yake, naye ndiye aliyetangulia kusema.

"Wewe ndiye dada unayeongea kwenye filamu?"

"Ndiyo mimi. Karibuni. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema yule mama. Alikuwa akiutazama uso wa Magreth kwa makini, kama mtu anayehakikisha hajapotea njia. "Mimi naitwa Carlota. Huyu Telma. Tumetoka Kitaya. Nimekuja uniambie mwanangu Bernardino umemwona wapi."

Magreth aliacha kufagia. Elisha, aliyekuwa akifunga nyaya za spika, aliwahi kudakia: "Mama, ule ni mchezo tu. Ni filamu. Dada alitaja jina hivi hivi, kuchekesha watu."

"Nimemwambia, kaka," Telma alisema taratibu. "Nimemwambia njia nzima. Hasikii."

Akaeleza. Bernardino alivuka mto na mtumbwi kwenda kuwasalimia wajomba upande wa pili, maji yakiwa yamejaa. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Wakakaa msiba bila maiti. Tangu hapo mama yake hakukubali. Pale kijijini wapo walionong'ona kwamba kijana hakufa, kachukuliwa, na mama akayashika maneno hayo kwa sababu hakuna aliyempa mengine.

"Naomba nimwone," Carlota alisema.

Elisha alimvuta dada yake pembeni. "Usiiwashe. Akianguka hapa tutasema nini?"

"Katoka Kitaya mpaka hapa," Magreth alijibu. "Unataka nimwambie arudi tu?"

Akafunga pazia la mlangoni, akaiweka filamu mahali penyewe, sauti akaizima. Carlota alisogea mpaka karibu na skrini. Yule kijana wa shati la buluu akaja akiyumba, macho meupe. Jembe likainuka. Telma aligeuza uso, lakini mama yake hakupepesa.

"Rudisha," alisema.

Magreth akarudisha. Akarudisha tena.

"Si yeye," Carlota alisema mwishowe. Akakaa kwenye benchi. "Mabega yanafanana. Lakini wangu alikuwa na kovu hapa, la shoka." Akagusa nyusi yake. "Na huyu kijana? Amekufa?"

"Hapana mama. Ngoja nikuonyeshe."

Mwishoni mwa filamu, baada ya majina kupita, kulikuwa na vipande vya waigizaji wakiwa kazini. Elisha huvikata kila mara ili watu watoke haraka. Magreth akaviacha vicheze. Yule kijana alikuwa amekaa kwenye kiti, mwanamke anampaka rangi ya damu shavuni, naye anakula tambi kwa vijiti, anacheka. Carlota alitazama kwa mshangao. Kicheko kidogo kikamtoka, kisha machozi yakafuata bila sauti, na Magreth akaelewa kwamba amemletea afueni na kumnyang'anya kitu kwa wakati mmoja. Njia nzima kutoka mtoni mama huyu alikuwa akienda mahali ambapo mwanawe huenda yupo. Sasa hapo napo hayupo.

"Nisamehe, mama. Nitalifuta hilo jina. Sitalitaja tena."

Carlota aliinua kichwa haraka. "Nani kakwambia ulifute? Pale kwetu hawalitaji. Wanaogopa nitalia. Nilipolisikia kwenye simu ya watu, nimesimama na mchi mkononi, sikupumua. Ulimwita vizuri. Ulimwita arudi nyumbani." Akatulia. "Ila mbona baada ya kumwita wakampiga? Na watu wakacheka?"

Magreth akakaa kando yake kwenye benchi. Aliuliza tu: "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hapo ndipo mama alipozungumza, na Telma naye akachangia, wakasahihishana, wakabishana hata kidogo. Bernardino alipiga mluzi akila. Alichukia bamia. Alimfundisha Telma kuogelea kwa kumsukuma majini na kuruka nyuma yake hapo hapo.

Jumamosi filamu ile ilioneshwa tena kwa matakwa ya vijana wenyewe. Jembe lilipoinuka wakapiga kelele, "Mpasue!" Magreth hakuweza kuizuia picha. Sauti ndiyo ilikuwa yake. Akashusha milio yote, akasema kwa utulivu kwamba kijana huyu ni wa Kitaya, anapiga mluzi akila, na dada yake angali anaogelea namna alivyomfundisha. Jembe likashuka kimya. Mtu mmoja akazomea. Wengine wakanyanyuka kabisa, wakahamia banda la Kelvin, ng'ambo ya barabara, ambako ndondocha walipasuliwa kama kawaida.

Waliobaki waliendelea kutazama. Kisha mwanaume mmoja, mpakiaji wa korosho, aliuliza kutoka nyuma: "Na yule wa shati jekundu, nani?"

"Simjui," Magreth alisema. "Mpe jina wewe."

Mwanaume akasita. "Mathayo," akasema. "Kaka yangu. Alikwenda machimboni, hajarudi." Akaeleza kidogo, filamu ikiendelea.

Jumamosi zikawa hivyo. Mabenchi yalipungua vijana, yakaanza kukaliwa na akina mama, jambo ambalo Elisha hakulifurahia kwanza, akalizoea baadaye. Magreth alianza kujiuliza jinsi watoto wa leo watakavyosimulia watakapokuwa wakubwa, waliokulia kwa Kelvin na kwake pia. Hadithi za bibi zao zilimlilia aliyechukuliwa. Filamu zimewafundisha kumkimbia na kumpasua. Hakujua watachukua ipi.

Kiangazi kilipoanza, Telma alimtumia video. Watoto wa Kitaya wamejipaka majivu, wanawafukuza wenzao kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa, mikono mbele, wanaunguruma. Msichana mmoja aliyekuwa akikimbia anasimama ghafla, anageuka. "Wewe wa nani?" anauliza. Ndondocha naye anasimama. Anafikiri. Inaonekana kabisa mtoto hajapanga jibu. "Nimesahau," anasema, na yule msichana anamshika mkono, wanaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza huyu ni wa nani.

Magreth aliitazama mpaka mwisho. Kwenye makasha ya Elisha filamu zilipangwa kwa aina zake: mapigano, mapenzi, za kutisha. Akajaribu kuiweka hii mahali, akakosa. Akampigia Telma, akaomba kuzungumza na mama yake kuhusu lile swali aliloliuliza bandani.