Kioo Kinachong'aa

Muuzaji aliweka laptopu mbili kwenye kaunta. "Dada, chukua hii yenye kioo kisichong'aa. Ile nyingine itakuonyesha chumba kizima nyuma yako, kazi huioni!"

Mteja huyo alikuwa mpiga chapa. Nyumbani, nyuma ya kiti chake cha kazi, palikuwa na kitanda cha mama yake mgonjwa. Kila baada ya mistari miwili aligeuka, roho juu, kutazama kama blanketi bado linapanda na kushuka. Shingo ilishamkakamaa.

Akakiinamia kile kioo kinachong'aa. Nyuma ya bega lake alimwona mteja mwingine, hata kifua chake kikipanda na kushuka.

"Nifungie hii."

"Utajuta, dada!"

"Fanya upesi, kaka. Nimemwacha mama peke yake."